Mita Haikulala

Mita ya nyumba namba nne ilikuwa imetembea.

Maranga aliisoma kwa sauti kabla hajafikiri, maana mazoea ni mazoea. Kila Jumamosi jua likishazama, wapangaji walisimama kwenye ngazi wakimsikiliza. Namba moja, imelala. Namba mbili, imelala. Namba tatu, imelala. Kisha akainama mbele ya mita ya nne, mita ya nyumba yake mwenyewe, akasema, "Mia tatu kumi na moja nukta tisa," halafu akatazama daftari. Daftari lake la jana jioni lilisema nukta sita. Watu walikuwa wameshasikia.

"Hee!" alisema Dolphine wa orofa ya pili, muuza mitumba, mwanamke asiyeweza kuona jambo akalimeza. "Kumbe hata kwa msimamizi mita hutembea?"

"Miwani yangu haijakaa vizuri," Maranga alisema.

"Si hiyo iko puani, mzee? Imekaa sawa kabisa."

Watoto walicheka. Maranga alifunga daftari, akafunga kizimba cha mita kwa kufuli, akapita katikati yao bila kusema usiku mwema.

Ili uelewe aibu hiyo, lazima ulijue jengo lenyewe. Lilikuwa la Omanga, muuza saruji na mabati mjini Homa Bay, mzee wa kanisa, Mkisii aliyehamia huku zamani na kufanikiwa. Omanga alitaka jengo la Wasabato watupu. Alipangisha wafanyabiashara wa kwao, akaweka tangi kubwa la gesi nyuma ya jengo, akapandisha mabomba ukutani hadi kila jiko, na kila nyumba ikawa na mita yake. Sharti lake lilikuwa moja lisilo na mjadala: Ijumaa jua likizama, kila mtu afunge jiko. Chakula cha Sabato kiwe kimepikwa mchana na kuwekwa kwenye hotpoti. Maranga, aliyekaa pale bure kwa kazi ya usimamizi, alisoma mita Ijumaa jioni na Jumamosi jioni. Mita isipotembea, imelala, na Jumapili Omanga alikuja kulitazama daftari akitabasamu. Mita ikitembea, basi mwenyewe alipika Sabato, na mwezi huo ulikuwa wa mwisho kwake. Watu wawili walikuwa wameshafukuzwa hivyo. Maranga ndiye aliyewapelekea barua.

Sasa mita ya Maranga ilikuwa imetembea.

"Mama Byron," alimwambia mkewe alipoingia ndani, kwa sauti iliyovuka pazia makusudi. "Muulize mtu wako alipika nini leo."

"Mtu wangu ni nani?" Bosibori aliuliza.

"Mke wa Byron."

Maranga hakuwahi kumwuliza Caren jambo lolote uso kwa uso. Kwa Wakisii kuna chinsoni, ile heshima inayomweka mbali baba mkwe na mkaza mwana wake. Hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawazungumzi mambo ya chumbani. Katika nyumba ya vyumba viwili vya mjini heshima hiyo ilikuwa kazi kubwa. Walitundika pazia katikati ya sebule, Caren akawa upande wake na mtoto wake Kezia wa miezi saba, na maneno yote ya Maranga yakamfikia kupitia kwa mama mkwe. Byron mwenyewe alikuwa Mombasa akiendesha lori.

Caren alitoka nyuma ya pazia, mtoto begani. Alikuwa Mjaluo wa Ndhiwa, binti wa fundi baiskeli, aliyekua Mkatoliki na kubatizwa upya mwaka jana kwa ajili ya ndoa hii.

"Mimi sijagusa jiko, Mama. Maziwa ya mtoto yalikuwa kwenye thamosi. Thamosi hiyo hapo, bado ina moto."

"Na hii harufu?"

"Harufu gani?"

"Hii inayonuka kwenye ngazi kama kitunguu kilichooza. Wiki mbili sasa. Kama si omena yako ni nini?"

"Omena nilikaanga Jumatano," Caren alisema. "Tukala wote. Wewe ndiye ulikwangua sufuria."

Kweli, aliikwangua. Bosibori aligeukia masufuria ili asionekane uso. Lakini hakumwamini. Alimwona msichana huyu kuwa mtu wa kupenda chai ya moto kila saa, na chai ya moto haikai kwenye thamosi siku nzima. Usiku huo alipokunja kanga zake alihesabu njiti za kibiriti. Hebu fikiria, mama mzima, mwalimu wa shule ya Sabato ya watoto, anahesabu njiti za kibiriti.

Jumapili Maranga alimwambia Omanga ni miwani tu iliyokosea, lakini wiki iliyofuata Bosibori aliamua kumaliza mambo. Ijumaa jioni alifunga bomba la jiko kwa mkono wake, akafungia kibiriti kabatini na kuweka ufunguo kwenye mkoba wa Biblia. Jumamosi walikwenda kanisani wote, akakaa na Caren kwenye benchi moja tangu nyimbo za kwanza hadi mkutano wa vijana wa jioni. Caren alipotoka kubadilisha nepi, Bosibori alitoka naye. Alipokwenda chooni, Bosibori alisimama mlangoni amembeba Kezia. Caren alijua kabisa kinachofanyika, na alipopokea mtoto alimtazama mama mkwe wake kwa muda mrefu kidogo.

Jioni mita ilikuwa imetembea nukta tatu.

Safari hii Maranga hakuisoma kwa sauti. Alisema, "Namba nne, imelala," na sauti yake ilikuwa imara. Bosibori, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake, aliiona namba kwa macho yake.

Ndani alimwambia, "Baba Byron, umedanganya watu."

"Nimeficha aibu ya nyumba yako."

"Aibu gani? Nilikuwa na yule msichana siku nzima. Hata chooni nilimfuata, Mungu anisamehe."

"Basi aliacha jiko wazi."

"Jiko nililifunga mimi."

Maranga alivua viatu, kimoja, halafu kingine. "Mita haiwezi kutembea yenyewe, Mama Byron. Lazima kuna mtu."

Jumatatu, Maranga akiwa sokoni, Caren alichota maji kwenye kikombe, akakatia ndani kipande cha sabuni ya kufulia na kukoroga hadi povu likajaa. Alichukua mswaki wa zamani, akatoka kwenye korido. Bosibori alimfuata na mtoto.

"Unafanya nini?"

"Baba yangu akitafuta pancha ya tairi hafanyi kelele, Mama. Anapaka sabuni tu, halafu anangoja."

Chini ya ngazi palikuwa na kijichumba cha kuwekea mifagio na ndoo, na bomba la nyumba namba nne lilipita humo likitoka kwenye mita. Harufu ya kitunguu kilichooza ilikuwa humo, nzito, ikigonga koo. Caren alifungua mlango, akasogeza ndoo, akapaka povu kwenye maungio ya bomba. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu lilikuwa pale bomba linapopinda kuingia ukutani, na fundi alikuwa amelizungushia utepe mweupe na kupaka rangi juu kuficha. Povu lilianza kuvimba. Lilitoa kiputo kikubwa kama jicho la ng'ombe, kikapasuka, kikaja kingine.

"Nyasaye wangu," Caren alisema polepole, akimwita Mungu kwa Kijaluo.

Bosibori aliangalia viputo vile, akaangalia kijichumba. Juu yao, kwenye ngazi, watoto wa Dolphine walikuwa wakicheza, na mwaka jana kwenye kona hiyo hiyo mlinzi alikuwa akivuta sigara mvua ikinyesha. Akaketi kwenye ngazi na Kezia mapajani.

"Caren, nilihesabu njiti za kibiriti," alisema.

"Nilikuona."

"Nisamehe, mwanangu."

"Simama kwanza, Mama," Caren alisema, akimpokea mtoto. "Hapa si mahali pa kukaa."

Maranga alipoonyeshwa povu hakubisha. Alilitazama, akasafisha miwani, akalitazama tena. Alifunga kilango cha gesi cha mita yao, akampigia Omanga simu mbele yao. Omanga alisema asante sana mzee wangu, fundi yuko shughuli nyingine, atakuja mwezi ujao, kwa sasa msiwashe moto hapo karibu. Halafu akaongeza jambo, Maranga akasogea dirishani kulisikiliza. Fundi mwenyewe alikuwa mtoto wa dada yake Omanga. Alijifunzia kazi kwenye mabomba ya maji, na hilo kila mtu alilijua.

"Mwezi ujao?" Bosibori aliuliza.

"Ndivyo amesema."

"Na amesemaje tena huko dirishani?"

"Amesema tufungue gesi. Tangi likisemwa linavuja, serikali italifunga jengo lote, na watu wote hawa watalala wapi?" Maranga hakumtazama. "Sisi pia tutalala wapi, Mama Byron? Nina miaka hamsini na nane."

Akashuka, akakifungua kilango cha gesi. Bosibori alisikia kufuli ya kizimba ikilia.

Namba ya simu ilikuwa imebandikwa kwenye tangi lenyewe, juu ya karatasi nyekundu iliyopauka: ukinusa gesi, piga. Caren ndiye aliyepiga, Bosibori akiwa amesimama kando yake kama shahidi. Mwanamke wa ofisi ya ukaguzi wa gesi huko Kisumu aliuliza jina la mpigaji. Caren alimtazama mama mkwe wake.

"Mwambie Bosibori, mke wa msimamizi," Bosibori alisema. "Na mwambie jina lisitoke."

"Haliwezi kutoka, mama," sauti ilisema. "Hiyo ni siri ya ofisi."

Afisa alikuja Ijumaa saa nane mchana, wakati jengo zima linanukia vitunguu na nyama ya Sabato. Aliitwa Joash. Alikuwa kijana mpole, mwenye kizibao cha rangi ya machungwa na kifaa kidogo mkononi chenye mdomo kama wa ndege. Alipoingiza mdomo ule kwenye kijichumba, kifaa kililia. Hakikulia kidogo, kililia hadi Dolphine akatoka na mwiko mkononi.

"Kuna nini?" Dolphine aliuliza.

"Usiwashe moto kwa sasa, mama," Joash alisema. "Wote zimeni majiko."

Mioyo ya wanawake wawili wa nyumba namba nne ilitulia kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Bosibori alimpelekea afisa kiti na glasi ya maji. Joash aliandika. Alieleza kwa utaratibu: jengo linafungwa gesi, mabomba yanajazwa hewa na kupimwa siku nzima, yakishuka mgandamizo fundi mwenye leseni anaitwa. Bila cheti hakuna gesi. Alisema maneno hayo kama mtu anayeyaamini, na labda saa nane na nusu aliyaamini kweli.

Saa tisa gari la Omanga liliingia.

Omanga hakukasirika. Watu wa aina yake hawakasiriki mbele ya watu. Alimshika Joash mkono, akamwuliza kwao ni wapi, akamwuliza mama yake hajambo, akamtembeza nyuma ya jengo kulionyesha tangi. Walikaa huko kitambo. Kilichosemwa huko sote tunakijua, hata kama hatukuwepo. Waliporudi kizibao cha Joash kilikuwa begani, na kifaa kilikuwa mfukoni.

Walimwita Maranga ndani ya gari, vioo vikiwa vimepandishwa.

"Mzee," Joash alisema, "mimi niko na shida moja. Namba za mita yako zinaonyesha gesi inatumika siku ambayo hamtumii. Mkuu wangu atauliza. Lazima niandike sababu. Naweza kuandika inavuja, basi nafunga jengo leo hii, na watu wote nje. Au kuna sababu nyingine?"

Omanga alimgeukia na uso wa huruma.

"Mzee mwenzangu, mimi sikusukumi. Lakini kuna mtu aliita serikali kwenye jengo la kanisa bila kuniambia. Nimeonyeshwa jina." Alimwachia muda jina hilo limfikie. "Mke wako amekuwa mtu mwema miaka yote. Sitaki kuamini alifanya hivyo kwa akili yake. Kuna mtu mgeni kwenye nyumba yako, mtu ambaye hata Sabato hajaizoea."

"Karatasi inasemaje?" Maranga aliuliza, akiiona mapajani mwa Joash, tayari imeandikwa.

Joash alimpa. Maranga aliisoma mara mbili. Alimkumbuka Caren akiwa na ujauzito, akimwekea maji ya kunawa nje ya pazia na kuondoka bila kuonekana, jinsi chinsoni inavyotaka, ingawa hakuzaliwa nayo na hakuna aliyemfundisha zaidi ya mara moja. Halafu aliukumbuka umri wake, na chumba cha kukodi Oyugis walichoishi kabla ya hapa, chenye paa lililovuja juu ya kitanda.

Akatia sahihi.

Fundi, yule mtoto wa dada, alikuja saa kumi na utepe mweupe mwingine na kopo la rangi. Saa kumi na moja majiko yalikuwa yamewashwa tena. Jua lilipozama Maranga alisoma mita zote, sauti yake ikiwa ile ile.

Karatasi ilibandikwa Jumapili kwenye geti, chini ya nailoni ili isilowe. Dolphine ndiye aliyeisoma kwanza, akaisomea wenzake, na Caren aliporudi kutoka kununua unga aliwakuta wamesimama pale. Walimpisha. Yeye alidhani wanampisha kwa sababu ya mtoto mgongoni.

Karatasi ilisema jengo limekaguliwa na ni salama. Hakuna uvujaji. Gesi iliyosomwa siku za Sabato ilitumiwa na mpangaji wa nyumba namba nne, mkaza mwana wa msimamizi, aliyekuwa akipika kwa siri, kwa ushahidi wa msimamizi mwenyewe. Chini kulikuwa na sahihi. Caren aliifahamu sahihi hiyo. Ilikuwa kwenye cheti cha ndoa yake, mahali pa baba wa bwana harusi.

"Si ungesema tu, Mama Kezia," Dolphine alimwambia, si kwa ubaya. "Mtoto mdogo, nani hangeelewa? Lakini kuita serikali ili kufunika chai, aki hiyo ni noma. Tungelala nje sisi wote."

"Mliona kifaa kikilia," Caren alisema. "Wewe ulikuwa na mwiko mkononi."

"Si afisa amesema kilinusa vitunguu vyetu?"

Caren alipanda ngazi. Alipita pazia, akaweka unga mezani, akasimama mbele ya Maranga aliyekuwa akisoma somo la wiki. Alisimama karibu, hatua moja tu, na akamtazama machoni. Katika mwaka na nusu hilo halikuwahi kutokea. Maranga alishtuka, akageuza uso ukutani.

"Mama Byron!" aliita. "Njoo uongee na mtu huyu!"

"Usimwite Mama," Caren alisema. "Nataka unijibu wewe. Baba, mimi nilipika?"

"Mama Byron!"

"Nimekuheshimu mpaka sauti yako naijua kuliko uso wako. Sijawahi kupita mbele yako. Na wewe umechukua hiyo heshima, umeitumia kuniuza, kwa sababu ulijua siwezi kuja kukuuliza. Haya, nimekuja. Nilipika?"

Bosibori alikuwa amefika mlangoni, mikono ina unga. Hakuelewa hadi Caren alipomwambia, kwa maneno machache, kilicho kwenye geti. Alimgeukia mumewe.

"Ulitia sahihi?"

"Niliwaokoa," Maranga aliuambia ukuta. "Walikuwa na jina lako. Jina lako, Mama Byron, siyo la huyu! Wangekutoa kanisani. Nilitafuta njia nyepesi."

"Nyepesi kwa nani?"

Jina la Bosibori alilolitoa kwa siri lilikuwa limepita mikononi mwa yule afisa mpole aliyenywa maji yake, likamfikia Omanga, likamfikia mumewe, na kila mmoja alipolishika alilitumia kumkanyagia mtu mwingine chini. Na aliyekanyagwa ni msichana ambaye Bosibori alimfuata hadi chooni.

Walimpigia Byron simu. Byron alisikiliza, kelele za bandari nyuma yake, akasema baba hawezi kudanganya kitu kama hicho, Caren aombe tu msamaha yaishe, kwani chai ni nini? Caren alimwachia Bosibori simu. Jumatatu asubuhi alikunja nguo zake na nepi za mtoto kwenye begi moja.

"Ngoja, nitasema kanisani," Bosibori alimwambia kwenye geti. "Nitasimama niseme."

"Sema, Mama. Lakini mimi mtoto wangu halali tena juu ya lile bomba." Alimshika mkono, akaushikilia. "Na wewe usilale."

Pikipiki ilimbeba hadi stendi ya magari ya Ndhiwa. Bosibori alirudi ndani akaondoa pazia. Hapakuwa tena na mtu wa kumfichia Maranga uso.

Wiki hiyo hakuwasha gesi hata mara moja. Alinunua jiko la makaa, akapika nje uani mbele ya watu wote, na Maranga alikula chakula hicho bila kuuliza. Hawakuzungumza ila kwa mambo ya maji na sabuni. Ijumaa jua likizama Bosibori alishuka naye hadi kwenye kizimba. "Namba nne," Maranga alisoma, "mia tatu ishirini nukta moja." Aliandika. Bosibori alifunga mlango wa nyumba, akaenda kulala kwa dada mmoja wa kanisa, na ufunguo akabaki nao. Maranga alimfuata, kwa kuwa hakuwa na ufunguo mwingine wala ujasiri wa kuuomba.

Jumamosi jioni wapangaji walisimama kwenye ngazi kama kawaida. Maranga alianza. Namba moja, imelala. Namba mbili, imelala. Namba tatu, imelala. Aliinama mbele ya mita ya nne, akakaa ameinama.

"Soma," Bosibori alisema nyuma yake.

"Namba nne..."

"Soma namba, Baba Byron. Usiseme imelala."

Alipoona hasemi, alimsogeza kwa bega, akasoma mwenyewe, kwa sauti ya kufundishia watoto. "Mia tatu ishirini nukta sita. Jana ilikuwa nukta moja. Ufunguo wa nyumba huu hapa, nimelala nao. Nyumba ilikuwa tupu." Aliwageukia wote. "Sasa niambieni. Nani alipika?"

Dolphine alifungua mdomo, akaufunga, na kwa mtu kama Dolphine hilo lilikuwa jibu.

Bosibori alibonyeza simu yake, akaiweka sauti ya nje. Ililia mara tatu.

"Mama?" Sauti ya Caren ilikuja, na nyuma yake Kezia akicheka.

"Mita imetembea, mwanangu. Nukta tano. Baba yupo hapa, na watu wote wapo."

Caren akasema, taratibu, kwa heshima yote ambayo hakudaiwa tena:

"Baba, shikamoo. Mimi niko kwetu tangu Jumatatu. Hiyo gesi nimeipikaje?"

Maranga alikuwa ameshika daftari kifuani. Watu kumi na wanne walimtazama. Angeweza kusema neno moja tu, na Bosibori, aliyekuwa amelala kando yake miaka thelathini na mmoja, alilingojea. Simu ya mfukoni mwa Maranga ikaanza kulia; Omanga hupiga saa hiyo kila Jumamosi kuuliza jengo limelalaje.

Maranga alifungua daftari, akalamba ncha ya penseli, akaandika.

Bosibori alisoma alichoandika. Lilikuwa neno lile lile la kila Jumamosi: imelala. Hakulia wala hakumpigia kelele. Alichomoa fungu la funguo kiunoni mwa mumewe, naye hakumzuia, akaenda nyuma ya jengo, akazungusha gurudumu la tangi hadi likagoma na gesi ikafungwa, akaziweka funguo kifuani ndani ya blauzi. Kisha akarudi, akampita Maranga pale kwenye kizimba akiwa bado na simu inayolia, akaanza kugonga milango ya waliobaki ndani.

Alianzia namba moja.

"Tokeni nje, mbebe watoto," alisema kila mlango ulipofunguliwa. "Mita haikulala. Mume wangu ni mwongo."